Ufa wa Tajiri Chambuso

Kwaa! Ukuta ulipasuka usiku. Asubuhi tajiri Chambuso alimwita mjumbe aje kumfukuza Bi Sikudhani kwa kuharibu nyumba. Marehemu mume wa bibi huyo ndiye aliyeijenga, kwa ahadi kwamba yeye na mkewe wangepewa chumba maisha yao yote. Chambuso hakulitaja jina la marehemu huyo kamwe. Aliapa kwamba aliijenga mwenyewe.

“Nitahama, baba,” alisema Sikudhani. “Ila hapa kwetu ufa huzibwa na mikono iliyojenga. Vua kanzu. Udongo na samadi nimeshakuchanganyia.”

“Ndiyo mila,” alisema mjumbe. “Tunakungoja, fundi.”

Chambuso aliitazama samadi, akaitazama kanzu yake nyeupe.

“Mimi nimeshika udongo lini? Aliyejenga ni mumewe, Mwinjuma.”