Mafundo ya Kamba ya Barafu

Zamani, mlima ulipokuwa umevaa barafu hadi magotini, kamba ya kuipimia haikuwa na fundo hata moja. Ilisokotwa kwa nyuzi za mgomba. Kila kiangazi mtu mmoja wa ukoo wa Ndesario aliifunga kwenye mwamba uliojulikana na wote, akapanda nayo kuelekea ukingo wa barafu. Akirudi aliulizwa swali moja tu: "Imefika?" Ikifika, watu walipanda ulezi hadi bondeni, kwa kuwa maji ya mfereji yangetosha.

Kiangazi cha kwanza Ndesario mwenyewe alipopanda nayo, kamba ilipungua hatua nne kuufikia ukingo wa barafu. Aliona haya kuwa wa kwanza katika ukoo kushuka na jibu baya. Akaketi palepale, akasokotea kipande kipya kwa ustadi hata kiungo kisionekane.

"Imefika," akasema. Hakudanganya, alijiambia. Mwaka uliofuata akasokotea tena. Alifanya hivyo miaka tisa.

Mwaka wa tisa mfereji ulikauka bondeni na ulezi ukanyauka. Watu wakamgeukia Aikande, mama mkwe wa Ndesario, mwenye shamba la juu kabisa.

"Mama, mbona migomba yako imenona hivyo?" mmoja akamkejeli. "Inakunywa sisi tukilala?"

"Njoo ulale nayo uone."

Hata hivyo wakaliziba tundu lililoingiza maji ya mfereji shambani kwake. Ndesario alikuwapo, akitazama vidole vyake vya miguu.

Siku ya tatu alikutana na Aikande akipanda kutoka mtoni na mtungi kichwani, akihema. "Pole, baba," mama huyo akamwambia. "Umekonda."

Ndesario akaenda kuichukua kamba, akaita watu, akainyoosha uwanjani. Kamba ya baba zao ilikuwa ikiishia mwisho wa uwanja. Hii ilipita uwanja, ikapita nyumba ya mzee wa mfereji, ikaendelea.

"Kumbe ulikuwa unajua," Aikande akasema.

Na tangu siku hiyo kamba huungwa mbele ya watu, kwa fundo nene, na anayefunga hutaja jina lake. Leo hubebwa na watu sita, na ukipitisha mkono utajua kila mwaka barafu ilirudi nyuma hatua ngapi. Ila sehemu moja ni laini, miaka tisa isiyoweza kutenganishwa. Hiyo hubebwa na wazao wa Ndesario, nao huinamisha macho wakipita nayo mbele ya watu.