Mtungi wa Melania

Wapokezi wa habari za watakatifu wametuhadithia kwamba, katika mji mmoja wa kando ya jangwa, aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Melania. Wakuu wa mji ule walikuwa wamekwisha kufunga mahekalu yote, wakisema mbingu ni hewa tupu, na mwenye akili haabudu hewa. Waliomwamini Masiya walibaki wachache, wakaachwa kama waachwavyo watoto na michezo yao.

Melania alijaliwa mwana mmoja tu, Anasta. Siku moja, katika ugomvi wa zamu ya maji kisimani, kijana aitwaye Pambo alimpiga kwa jembe, akafa.

Sheria ya mji ilikuwa hivi: muuaji hufungwa langoni, juani, na mfiwa hupelekewa mtungi wa udongo. Akiuvunja mbele ya hakimu, damu hulipwa kwa damu. Akiuweka chini mzima, mfungwa huenda zake. Wala hapakuwa na mtu aliyekumbuka mtungi uliowekwa chini mzima.

Asubuhi ya hukumu Melania alipiga magoti, akaanza sala aliyoifundisha Bwana. Alipofika pale mja aombapo kusamehewa kwa kipimo cha kusamehe kwake, ulimi ukaganda. Akainuka, sala haijaisha. Akautazama mtungi, na mikono yake ikatamani, naam, ikatamani mno, kuusikia ukipasuka. Kisha akautia maji, akajitwika.

Jirani yake Dorkasi akamkuta njiani.

"Shoga, mtungi wa kuvunja waujazia maji ya nini?"

"Ana kiu."

"Nani?"

"Aliye juani."

"Yarabi! Huyo Mungu wako kakupokonya mwana, leo kakupokonya na akili!"

Langoni umati ulikuwa umefurika. Melania akamwendea Pambo, akamwinamishia mtungi midomoni, naye akanywa huku machozi yakimtoka. Kisha Melania akauweka miguuni pa hakimu, mzima. Watu wakaangua kicheko.

Hakimu akawanyamazisha. "Bibi, umemsamehe?"

Waumini waliokuwamo umatini wakalingoja neno la kuwafunga midomo wenye dhihaka.

"La, mheshimiwa. Bado."

"Mbona basi wamwachilia?"

"Aliyeniamuru hakuniuliza kama moyo u tayari. Nimeleta mikono. Moyo uko nyuma, unakuja."

"Bibi, huu ni upumbavu."

"Hata mimi nauona hivyo, mheshimiwa."

Pambo akafunguliwa, akauchukua mtungi ule. Tangu hapo, kila alfajiri, Melania aliukuta mlangoni pake umejaa maji. Aliyatumia bila kumsemesha kijana. Na kila siku sala yake ilikatikia palepale, kwani hakuthubutu kumdanganya Mola wake.

Miaka ikapita. Asubuhi moja mvua adimu ya nchi ile ikanyesha, naye akamwona Pambo amesimama nje, amelowa chapachapa, mtungi kichwani.

"Mwanangu," akasema, "ingia ndani."

Kisha akapiga magoti, akaisali sala yake mpaka amina.

Enyi wapendwa, mja akitii kabla moyo wake haujatii, ulimwengu humcheka, na pengine yeye mwenyewe hujiona mjinga. Mola atujalie mikono itanguliayo, na ulimi usioona haya kukiri kwamba moyo ungali njiani.