Kasuku wa Bi Mize

Sogeeni mkekani, na mlango ufungwe kwanza, ndipo nianze.

Hapo kale Bi Mize, mjane, aliishi na paka na kasuku. Kasuku huyo alivunja watu mbavu. Alimwita paka kwa sauti ya Bi Mize. Paka akija mbio, alizomewa. Mgeni akipiga hodi, kasuku aliwahi kujibu, "Karibu, pita ndani!" Bi Mize ndiye aliyemfundisha, na alijivunia hilo.

Magharibi moja ikasikika sauti mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe. Paka akakimbilia uvunguni. Bi Mize akajua hilo ni zimwi, na zimwi, kama mgeni yeyote, lisipojibiwa hodi ya tatu huenda zake. Akajiziba mdomo kwa kanga.

"Hodi, Mize."

Machozi yakamtoka, akaikaza kanga mdomoni.

"Hodi, mke wangu. Huku nje kuna baridi."

Nyayo zikaanza kuondoka, ko, ko, ko. Bi Mize akashusha pumzi.

"Karibu, pita ndani!" akaitikia kasuku.

Asubuhi majirani walipiga hodi. "Karibu, pita ndani!" ikajibu sauti ya Bi Mize. Wakaingia, hapakuwa na mtu. Kasuku akawatazama kwa jicho moja, akasema kwa sauti ile ile:

"Mume wangu, mbona una kwato?"

Ngano yangu naiacha hapo kizingitini. Paka bado yupo mtaani. Kasuku humwita kila magharibi, naye haji.