Kidari cha Noeli

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kusalimiana, ni zamani ya juzi tu, waliishi ndugu wawili juu mlimani Kilimanjaro, Epimaki na mdogo wake Wilibroad. Baba yao alipofariki aliwaachia kihamba kimoja, shamba la migomba na kahawa, lililogawanywa katikati kwa mstari wa masale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani, ukiuchomeka ardhini leo kesho umeota, hata ukiuchomeka kichwa chini. Wachaga wana kazi mbili nalo. Likipandwa, ni mpaka. Likichumwa, ni msamaha: aliyekosa hulibeba akampelekea aliyemkosea, na huyo akilipokea, neno limekwisha. Isale halikataliwi. Hata mwenye roho ya jiwe hulipokea, huku amenuna.

Epimaki alikuwa mtu mzuri, tusimwonee. Kigangoni, kanisani kwao, aliimba besi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, na kigango chenyewe hakikuwa na vioo. Lakini Wilibroad alipolazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu, Epimaki alisimama mpakani akaitazama migomba ya mdogo wake, mikungu imeinama kwa uzito, akaona mali ya mgonjwa inahitaji mwangalizi. Akayang'oa masale, akayapanda upya ng'ambo ya ile migomba. Yakaota. Mmea ule hauna aibu.

Wilibroad alirudi, kifua bado kinapiga filimbi, akasimama akatazama. Hakutukana. Hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alikata miiba, akaziba kijia kilichounganisha nyumba zao, akasema neno moja kupitia uwazi uliobaki.

"Kaka, nyumba yangu unaijua. Ukiwa na la kuleta, lete."

Epimaki hakuleta. Si kwamba hakutaka. Kila Majilio, yale majuma ya kumngoja Bwana kabla ya Noeli, padri akivaa zambarau na watu wakiambiwa waandae njia, Epimaki alichuma jani la isale, akavaa koti, akatoka, akafika zizini kwake. Hapo ukubwa ukamkamata miguu. Yeye, kifungua mimba, aliyemfundisha Wilibroad kufunga kamba za viatu, akampigie magoti? Akageuka na jani lake, akaenda kulifukuzia nzi. Mwaka huo hivyo, na mwaka uliofuata hivyo, na uliofuata huo hivyo hivyo. Mlima mzima haukuwa na nyumba yenye nzi wachache kama ya Epimaki.

Wengine nao walikuwa wakingoja, kila mtu kwa namna yake.

Alikuwepo Shangazi Modesta, dada wa marehemu baba yao, ambaye kibanda chake kilikuwa chini kidogo ya nyumba zote mbili. Noeli ya kwanza baada ya miiba, kila nyumba ilichinja mbuzi wake na kila nyumba ikamwita aje kula. Akajibu kwamba tumbo analo moja, haliwezi kukaa pande mbili za mwiba. Atakula nyama ya Noeli siku wanawe, hao wana wa kaka yake, watakapoila pamoja. Wakadhani anatania, maana Shangazi alivyopenda nyama, paka wa jirani walikuwa wakimpisha njia. Hakutania. Noeli hiyo akala ndizi na maharage. Iliyofuata akala ndizi na maharage. Harufu ya mbuzi inamjia kulia, harufu ya mbuzi inamjia kushoto, yeye katikati anatafuna ndizi, rozari mkononi.

Alikuwepo pia Perpetua, mke wa Epimaki. Mwaka huu tunaousema, katekista Gaudensi aliwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, akahubiri habari ya kusawazisha njia, akahubiri mpaka mshumaa wenyewe ukaanza kuchoka. Kesho yake Perpetua alichukua panga na jembe akaingia kwenye kile kijia, ambacho sasa kilikuwa msitu wa nyoka kujificha. Juma la mshumaa wa kwanza, akafyeka. Juma la mshumaa wa pili, akafyeka. Epimaki akamfuata na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi.

"Mama Sixta, unamlimia nani barabara? Mkuu wa wilaya anakuja?"

"Wewe shika mbege yako, Baba Sixta. Atakayekuja asije akasema alikwama kwetu."

Epimaki akacheka, lakini akarudi nyumbani na kata bado imejaa. Juma la mshumaa wa tatu, Perpetua akafukia korongo lililochimbwa na mvua za vuli. Juma la mshumaa wa nne akaifikia miiba ya Wilibroad. Hapo akasimama, kwa kuwa miiba haikuwa yake. Akafuta jembe kwa majani, akarudi nyumbani.

Na ng'ambo ya miiba Wilibroad alikuwa akilisikia jembe lile. Juma hili liko mbali, juma lijalo liko karibu, mwisho likawa miguuni pake, likanyamaza. Mkesha wa Noeli, jua bado liko juu, alimpelekea Shangazi maziwa, akamkuta amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Shangazi akamwambia asihangaike, kwamba siku hizi akiyafumba macho hata ndizi zinaleta ladha ya mbuzi. Wilibroad akacheka. Alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha.

Siku ya Noeli, misa imekwisha, mbuzi wa Epimaki yuko motoni. Mbuzi huyo alinona hivi kwamba mafuta yake yalitaka kuuzima moto. Uwanjani yuko Epimaki na kisu chake, yuko Perpetua, na yuko katekista Gaudensi, ambaye kwa bahati kila alipopita mahali palikuwa pakichomwa nyama. Mara wakasikia miiba ikiburutwa. Wakageuka. Wilibroad anashuka kwa njia aliyoilima Perpetua, kanzu yake nyeupe ya Noeli imeraruka bega kwa mwiba wake mwenyewe, na mkononi ameshika jani la isale.

Epimaki alilitambua jani kabla hajaitambua sura. Lilikuwa limechumwa kwenye mpaka, ule aliouhamisha.

"Kaka, nimekuletea," Wilibroad akasema.

"Umeniletea nini? Wewe siye..." Epimaki akauliza, kisu bado kiko mkononi.

"Najua mimi siye mwenye kosa. Nimekaa miaka yote nakungoja wewe ulete. Leo asubuhi nimeinama kanisani, pale pangoni, kumwangalia Mtoto Yesu kwenye nyasi, nikajiuliza, kwani Mungu ndiye aliyekuwa na kosa? Waliokosa ni sisi. Mbona aliyefunga safari ni yeye? Basi pokea, kaka."

Hapo ndipo Epimaki alipobanwa mahali ambapo hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kubanwa. Akilikataa, amekataa isale, jambo ambalo hata babu zake wakorofi hawakulithubutu. Akilipokea, ametangaza mbele ya mkewe na katekista kwamba yeye ndiye aliyekosewa, naye anajua ni uongo, na migomba inajua, na Mungu aliyezaliwa leo anajua. Mbuzi akachuruzika. Hakuna aliyemgeuza.

Epimaki akaweka kisu chini. Akalipokea jani kwa mikono miwili. Halafu magoti yale yaliyokuwa yakikwama zizini yakakunjika, akainua jani kumrudishia mdogo wake.

"Nimelipokea kwa kuwa halikataliwi," akasema. "Sasa lipokee wewe, maana lilikuwa langu kulileta. Ile migomba niliiba. Ulikuwa hospitali, mimi nikaiba."

Neno hilo hakuwahi kulitamka, hata kwa padri alilipitisha kwa kona. Wilibroad akalipokea jani, akamwinua kaka yake, wakashikana. Wanaume wa mlimani hawalii, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba ni moshi wa mbuzi.

Kisha wawili hao wakaenda kibandani, wakamketisha Shangazi kwenye kiti, wakambeba na kiti chake mpaka uwanjani, mmoja kulia, mmoja kushoto, naye anawagombeza kwamba wanamyumbisha kama mkungu sokoni. Alipowekwa karibu na moto akavuta harufu, akawatazama wanawe wote wawili.

"Nyie mmechelewa," akasema. "Nyama haijachelewa. Kateni."

Na hapa ndipo kazi ilipoanza. Katika ukoo huo, kidari cha mbuzi wa Noeli hakiliwi hovyo. Hakikatwi vipande, hakigawanywi, hata kwa mume na mke. Mwenye nyumba humpa mtu mmoja tu, yule aliyeileta Noeli nyumbani mwaka huo. Miaka yote ya miiba Epimaki alikuwa akijipa mwenyewe, kwa kukosa mpinzani. Leo amekishika mkononi, kinatoa moshi, na macho yote yako kwake.

Katekista akakohoa. Akakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba mahubiri ya njia yalitoka kinywani mwa nani. Shangazi akamwambia kuwa mpiga kengele si msoma misa, achukue shingo ashukuru. Katekista akachukua shingo, akashukuru.

Perpetua akasema lake, mikono kiunoni. "Baba Sixta, mimi sikusubiri mtu aniambie atakuja lini. Nililima. Malengelenge haya hapa. Kama kijia kingebaki msitu, shemeji angepitia wapi? Angefika kwenye nyoka akarudi. Anayeandaa njia ndiye aliyeamini."

"Umelima majuma machache, mkwe wangu, Mungu akubariki," Shangazi akasema. "Mimi nimengoja miaka. Wewe ulikuwa ukingoja huku unakula mbuzi. Mimi nilikula ndizi. Na muulizeni Wilibroad ni shingo ya nani iliyokonda ikamvusha miiba. Mmoja asipokaa na njaa, wengine hukumbuka vipi kwamba kuna kitu hakijafika?"

Perpetua akaishusha mikono kiunoni. Akamgeukia Wilibroad, akasema kwamba kwa haki yote, kama si yeye basi ni huyu, maana njia bila mwenye kuja ni uwanja wa kuku tu, na njaa bila mwenye kuja ni njaa. Huyu alikuwa na haki ya kungoja mpaka kaburini, akaiacha, akaja.

Wilibroad akatikisa kichwa. "Mimi nilikuja na mikono safi, ni rahisi. Mpeni kaka. Nililileta nimesimama, yeye amelipokea akapiga magoti. Kama angenishukuru tu akaendelea kukata nyama, tungekuwa na Noeli hapa? Aliyefungua mlango ndiye mwenye mgeni."

"Mwizi wa migomba apewe kidari?" Shangazi akauliza.

"Kwani Noeli ililetwa kwa ajili ya nani, Shangazi?"

Shangazi akachukua sahani yake.

Basi Epimaki amesimama. Akimnyima mkewe, jembe lile atalisikia masikioni mwaka mzima. Akimnyima Shangazi, huenda hakuna Noeli nyingine ya kumlipa. Akimnyima Wilibroad, amemnyima tena, mara ya pili, yule yule aliyemnyang'anya. Na akijipa mwenyewe, hata kama mdogo wake ndiye anayemsihi, atakimezaje?

Mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni. Shangazi amekinga sahani. Nanyi msiniambie akigawe, nimeshasema hakigawanywi. Aliyengoja na njaa, aliyelima njia, aliyekuja bila kudaiwa, au yule aliyejiwa akapiga magoti: wewe ungekuwa Epimaki, kidari hicho ungempa nani?