Nani Afuatane na Bi Somoe Kwenye Barafu

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto amlaze mapajani, maana kisa hiki kinaanzia mapajani na huko huko kitaishia. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnisaidie, kwa sababu mimi peke yangu kimenishinda.

Mikindani palikuwa na wanawake watatu waliompenda mama mmoja. Wa kwanza ni Atika, mkwe wake, mke wa mwanawe mdogo. Atika alijaliwa macho: aliona jambo likiwa bado njiani, akaliwahi. Wa pili ni Biubwa, jirani yake, fundi cherehani. Huyu alijaliwa mikono, hakuna kitambaa kilichomshinda. Wa tatu ni Siwema, binti yake wa kumzaa, aliyejaliwa ulimi. Na ulimi wenyewe, jamani! Siwema hakujua kuzunguka. Kama samaki ameoza alisema ameoza, hata muuzaji akiwa baba yake mdogo.

Mama mwenyewe aliitwa Bi Somoe. Alikuwa na mwana mwingine, Chande, ambaye kazi za meli zilimchukua mpaka zikamtua Alaska, kule juu kabisa Amerika. Huko kuna hifadhi ya taifa iliyo pwani, na milima yake imejaa barafu, nayo barafu inashuka polepole kama mto mpaka baharini. Chande alikuwa mpishi kwenye boti inayowapeleka wageni kuitazama. Miaka mingi hakurudi nyumbani, kwa kuwa karatasi zake za ukaazi hazikuwa tayari. Akitoka, mlango unafungwa nyuma yake. Basi akajinyima, akajinyima, mwishowe akampigia mama yake.

"Mama, kama mimi siwezi kuja, njoo wewe. Nitaleta tiketi mbili. Moja yako, nyingine ya atakayefuatana nawe. Mchague mwenyewe."

Nyumba ikachangamka. Kila jioni walikaa kwenye mkeka ukumbini, simu imeegemezwa kwenye birika, Chande anawaeleza mambo ya kujiandaa: koti zito, soksi za sufu, viatu visivyoteleza.

"Na ujue, Mama, utashinda baharini. Boti inatoka asubuhi, inarudi jioni. Utaona nyangumi. Utaona barafu ya bluu."

"Ya bluu? Wameitia rangi?"

"Ndivyo ilivyo yenyewe. Inameguka vipande vikubwa kama nyumba, vinaanguka majini, unasikia ngurumo kama radi."

"Nami nije nisimame chini yake! Chande, una haraka gani ya kurithi?"

Wakacheka. Siku hizo walicheka sana, na kicheko ndicho kilichomponza Bi Somoe.

Siku moja Siwema alipata koti kwenye mitumba. Lilikuwa la mwanamume mkubwa, limejazwa manyoya ndani. Majirani wakaja kulitazama. Bi Somoe akalivaa, mikono ikameza vidole vyake, akazunguka ukumbini akiinua magoti juu kama anayekanyaga theluji. Wanawake wakashika mbavu. Naye akakaa chini, anacheka mpaka machozi. Mara akanyamaza.

Mliozaa kwa shida mnajua. Bi Somoe alikuwa akivujwa na mkojo kwa miaka mingi, na hakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Alikuwa na mipango yake: akiwa na safari hanywi maji, kwa watu hakai kwenye kiti chenye mto, nguo zake anafua mwenyewe watu wakiwa bado wamelala. Siku ile kicheko kilimchukua bila mpango. Mkeka ukalowa chini yake.

Na wageni ndiyo wanaaga. Nanyi mnajua mgeni hatoki peke yake, mwenyeji huinuka akamsindikiza.

"Bi Somoe, leo hutusindikizi? Ushakuwa Mmarekani?"

Akacheka kwa midomo tu. Mkono wake ulikuwa umeikamata khanga kwa nguvu.

Atika aliuona ule mkono. Hakuuliza. Alimtoa mwanawe Shomari kwenye ziwa, mtoto bado anataka, akambwaga mapajani mwa bibi yake. "Mama, hebu nishikie nivae viatu." Akageuka kidogo, akarudi, akapiga ukelele. "Jamani! Shomari! Umemkojolea bibi yako na mkeka wote! Huna haya wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Huyo ndiye mume, kaweka mhuri!" Wakaondoka wakicheka, na Atika akawasindikiza kwa niaba ya mkwewe. Aliporudi alikunja mkeka, akaupeleka uani, akausugua. Hakumtazama Bi Somoe usoni, si siku hiyo wala siku ya pili. Nepi ya Shomari ilikuwa kavu. Atika alijua, na Bi Somoe alijua, kwa maana aliigusa.

Huo ulikuwa wema wa kwanza. Usiku ule Bi Somoe hakuficha aibu yake kwa watu tu, aliificha hata kwa mto wake, akalia kwa sauti ya chini. Alijiona kwenye ndege katikati ya wageni. Alijiona kwenye boti ya mwanawe, kiti kimelowa, na Chande ndiye mfanyakazi atakayeambiwa alete tambara.

Asubuhi akatangaza, "Siendi. Baridi ya huko itaniua."

Wakambembeleza, wapi! Chande akasema kwenye simu, "Sawa, Mama," na sauti yake ikawa kama ya mtoto aliyenyimwa chakula.

Sasa, Biubwa nyumba yake ilitazamana na ua wa Bi Somoe. Kila alfajiri alipofungua dirisha aliona khanga moja na shuka moja vimeanikwa, vimeshafuliwa, mwenye kufua hayupo. Mtu hafui shuka kila siku kwa usafi tu. Biubwa hakumwambia mtu. Alikata vitambaa vinene, akashona magagulo marefu, na kwa ndani, pale panapohusika, akalaza taulo mara mbili, na chini ya taulo kitambaa cha koti la mvua, mishono imefichwa isikwaruze. Akayaleta yamekunjwa vizuri.

"Da Somoe, ukisema baridi, mimi ni fundi. Haya ni magagulo ya baridi. Nasikia baridi ya huko inaanzia kiunoni."

Bi Somoe akaingiza mkono ndani ya gagulo. Vidole vikakutana na taulo, vikakutana na lile koti la mvua. Akatazama chini.

"Nimeshona na ya huyo utakayefuatana naye," Biubwa akasema haraka, anatazama mlango. "Yanafanana yote. Hakuna atakayejua la nani ni lipi."

Huo ulikuwa wema wa pili. Bi Somoe akalileta tena begi lake kutoka juu ya kabati. Hakusema anakwenda. Alilifuta vumbi tu, na kila mtu akaona.

Siwema ndiye aliyepanga nguo kwenye begi. Alipokunja gagulo akahisi uzito wake, akalipindua, akaelewa. Akakaa kitandani. Akakumbuka ile siku ya mkeka, akakumbuka mambo mengi ya tangu utotoni ambayo hakuwahi kuyaunganisha. Akampigia kaka yake.

"Kwenye boti yenu choo kiko wapi?"

"Chini. Kuna ngazi ya chuma. Na foleni, maana wageni ni wengi."

Siwema akapiga hesabu. Magoti ya mama yake hayawezi ngazi ya chuma boti ikiyumba. Na gagulo, hata likishonwa na nani, halishindi kutwa. Mama akifika huko atafedheheka mbele ya mwanawe, na hapo hapana mtoto wa kusingiziwa. Basi Siwema akafanya kile alichojua kufanya. Alisema yote.

Kesho yake jioni walikuwa ukumbini, Atika na mtoto wake, Biubwa na uzi wake, Siwema karibu na mlango. Simu iko kwenye birika. Chande akatokea amevaa aproni.

"Shikamoo Mama. Siwema ameniambia. Nimezungumza na nahodha. Utatumia choo cha mabaharia, kiko hapo hapo juu, hakina ngazi, na kiti chako kitakuwa mlangoni pake. Kwenye ndege nako..."

Bi Somoe aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka. Biubwa aliitazama sindano yake. Atika alimfunika mtoto ambaye hakuwa na baridi.

"Siwema," Bi Somoe akasema. "Nimekuzaa ili univue nguo mbele ya mwanangu wa kiume?"

Siwema, mwenye ulimi, safari hii neno lake lilikuwa dogo. "Ningenyamaza, Mama, ungekaa hapa na sitara yako, na Chande asikuone mpaka kufa."

Sauti ilitoka chini ya simu. "Mama? Mama, tangu lini?"

Bi Somoe alikunja pindo la khanga yake.

"Mama, tangu lini?"

Bi Somoe akaigeuza simu taratibu. "Tangu wewe," akasema. "Ulikuwa mkubwa. Ulikataa kutoka."

Chande akajifuta uso kwa aproni. Alipoweza kusema, akasema, "Mama, huku hata milima inavuja. Mchana kutwa maji yanachuruzika chini ya barafu. Na watu wanatoka nchi zao kuja kuitazama, wanavua kofia. Sijaona mtu akiicheka."

Bi Somoe aliinamisha kichwa kwenye khanga yake, na mabega yakamtikisika. Wale watatu hawakujua kama analia au anacheka. Kisha akasema, "Basi kata hizo tiketi."

Huo ulikuwa wema wa tatu, kama unaitwa wema.

Likabaki jina la tiketi ya pili. Na hapa ndipo nilipokwama mimi.

Atika alikataa mapema. "Mimi nimemtia mtoto wangu aibu isiyo yake, nikasema uongo mbele ya watu. Nilificha tu, Mama, na kuficha si dawa. Wewe ulilia, mimi nikiwa chumba cha pili nakusikia. Sikuinuka."

Biubwa naye akakataa. "Mimi nimechungulia nguo za mwenzangu dirishani kama mwizi. Na si ndugu. Watu watauliza, jirani amepandaje ndege, binti amebaki?"

Siwema hakusema anataka, hakusema hataki. Alisema, "Nikienda, kila ukinitazama utaikumbuka ile jioni. Nisipoenda, nitajua kwa nini sikwenda."

Na kweli mambo yalikuwa hivyo. Bila Atika, Bi Somoe asingeweza tena kukaa na watu, seuze kusafiri. Bila Biubwa asingelishusha begi. Bila Siwema angekwenda akaaibike, au asingekwenda kabisa. Akimtaja Siwema, mtaa mzima utaona sawa, hakuna atakayeuliza, lakini amemzawadia aliyemvua nguo. Akimtaja Atika au Biubwa, mtaa utauliza sababu, na sababu haitajiki.

Jioni ya mwisho walikaa kwenye mkeka ule ule, umeshakauka zamani. Shomari alikuwa mapajani mwa bibi yake. Simu ikaita.

"Mama, wakata tiketi wananisubiri hapa. Nipe jina."

Bi Somoe akafungua mdomo. Papo hapo akahisi joto likimteremkia mapajani. Akashtuka, akakamata khanga. Akatazama chini, na Shomari akamtazama kwa macho makubwa, anatabasamu, nepi imejaa.

"Safari hii ni wewe!" Bi Somoe akasema, na akacheka, kicheko kile cha siku ya koti, hakukizuia. Atika akaruka kumchukua mtoto, Biubwa akatupa kitambaa, Siwema akainuka kuleta maji. Wote watatu walifika pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile wote watatu walimtazama usoni.

"Mama," Chande akasema, "jina?"

Haya, ninyi mliokaa nami, wenye watoto na msio nao. Tiketi ni moja. Mmoja alimfunika, mmoja alimshonea, mmoja alimsema. Simu iko mkononi mwako. Je, ungetaja nani? Na mtaa ukikuuliza kwa nini yeye, ungejibu nini?