Mkandarasi Aliyetaka Uenyeji

Mkandarasi Mapunda alitaka kupitisha barabara katikati ya msitu wenye chemchemi ya kijiji. Alileta tingatinga, akamwendea Bi Tusekile, mwenyekiti wa kamati ya msitu.

"Mama, nipisheni. Faini nitalipa."

"Si faini, mwanangu. Sheria ndogo ya kijiji hairuhusu mgeni hata kuingia msituni. Mwenyeji ndiye huingia apendavyo."

"Basi nifanyeni mwenyeji!"

"Wewe? Na suti hiyo?"

"Leo hii, mama!"

Bi Tusekile akaguna, akaita mkutano. Mbele ya watu wote Mapunda alikunywa maji ya chemchemi kwa kiganja, akaapa kushika kila desturi ya kijiji. Vigelegele vikapigwa. Akamgeukia dereva wake: "Washa, twende!"

"Hongera, mwanangu," Bi Tusekile akasema, akimkabidhi rungu. "Kwetu mwenyeji mpya ndiye mlinzi wa msitu, mpaka aje mwingine. Mti ukianguka, mlinzi ndiye anayefungwa."

Tingatinga lilikuwa limeshafika kwenye mti wa kwanza. Mapunda alitimua mbio, akasimama mbele yake na rungu juu.

"Zima, mwizi we! Msitu wa watu huu!"