Jua la Mzee Kajiru

Hapo zamani, Upare wa milimani, alikuwako mzee wa kanisa la Wasabato jina lake Kajiru, tajiri wa ng'ombe na wa maneno. Nyumba yake ilikuwa bondeni, na upande wa magharibi palisimama jabali kubwa, ikawa jua humtoroka saa tisa alasiri. Naye alikuwa na kauli moja: "Jua likizama kwangu, Sabato imeingia." Basi kila Ijumaa saa tisa mkewe, Mama Eliapenda, hulazimika kuzima moto, maharage yameiva yasiive, na Kajiru huketi barazani kutazama mlimani ni kwa nani bado kunafuka moshi. Washiriki walijifunza kuishi naye: wakimwona njiani huwahi kusema "Sabato njema, Mzee!" na kukata kona, hata kama ni Jumanne.

Ijumaa moja, saa kumi, akaona moshi kwa Nakijwa, mjane aliyekaa juu kabisa karibu na kanisa, ambako jua lilikuwa bado linawaka. Kesho yake, baada ya chakula cha pamoja, akasimama mbele ya kanisa.

"Ndugu zangu, mwanamke huyu amepika ndani ya Sabato. Jina lake na lifutwe katika kitabu cha washiriki."

Nakijwa akalia. Hakuwa na mtoto wala jamaa. Kanisa ndilo lililomzikia mumewe, na ndilo lililomlimia shamba. Watu walimhurumia, lakini nani angethubutu kumjibu Kajiru?

Palikuwa na fukara mmoja, Sengondo, mfagiaji wa kanisa, ambaye wengi walimdhani punguani. Akainuka kwa adabu.

"Mzee wangu, nielimishe mjinga mimi. Sabato huingia jua la nani likizama?"

"Jua ni moja! Likizama kwangu, limezama duniani."

"Na Sabato hutoka lini?"

"Kesho yake, saa ile ile. Hata mtoto anajua."

"Ahsante, Mzee wangu. Nimeelimika."

Akatoka. Kajiru akaendelea kuhutubu, na hotuba zake hazikuwa fupi. Ilipogonga saa tisa, watu wakageuka: Sengondo yuko mlangoni, gogo miguuni, shoka ameliinua juu.

"Sengondo! Una wazimu? Leo ni Sabato!"

"Ilikuwa, Mzee wangu. Njoo utazame bati lako kule bondeni, kivuli kimekwisha lifunika. Sabato imetoka, nami nyumbani sina kuni."

"Shusha shoka hilo! Huoni jua linakuchoma utosini?"

Sengondo akashusha shoka polepole.

"Naliona, Mzee wangu. Nilikuwa nangoja wewe ulione. Ndilo lililomwakia Nakijwa jana."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Eliapenda, aliyetafuna maharage mabichi kila Sabato kwa miaka kumi na minane. Akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Kajiru aliona haya, na haya ilipomzidi naye akacheka, akafunga kitabu jina la Nakijwa likiwa ndani.

Ijumaa iliyofuata moshi ulifuka kwa Kajiru hadi saa kumi na mbili kasoro. Na Sabato ile, kwa mara ya kwanza tangu aoe, mzee alikula maharage yaliyoiva, akaomba aongezwe.